Dole Gumba Likielekea Juu

Nchi kavu, mtu akikuonyesha dole gumba lililoelekea juu amekwambia poa, mambo shwari. Chini ya maji, alama hiyohiyo ina maana moja tu kwa wazamiaji wa nchi zote: tupande, mbizi imekwisha. Anayetaka kusema yuko sawa hufanya duara kwa dole gumba na kidole cha shahada. Mwanafunzi hufundishwa tofauti hiyo mapema kabisa, na kwa kawaida haimchukui zaidi ya dakika moja kuielewa. Kuitoa alama ya kupanda mbele ya watu saba wanaofurahia matumbawe ndiko kunakomchukua mtu miaka.

Tuseme ni asubuhi ya Agosti, kusi inavuma, na boti imetoka Nungwi kuelekea Mnemba. Mmoja wa abiria ameamka na mafua, na sikio lake la kushoto limeziba. Likizo yake ni ya siku 3, fedha ameshalipa, na rafiki zake wanafunga mikanda ya mitungi huku wakipigana picha. Hakuna aliyemwambia lazima uzame. Anameza kidonge cha kufungua pua, anavaa, anaruka.

Shinikizo la wenzako huwa hivyo mara nyingi. Tukilingoja lije kwa kejeli na kusukumwa mgongoni hatutalitambua, kwa sababu husema kwa ukimya wa watu wanaovaa haraka kuliko wewe. Hata nahodha huonja lake: mkondo wa bamvua unakimbia, yeye anaona tusitoke, lakini abiria wamesafiri kutoka mbali na tajiri wa boti anataka hesabu yake jioni.

Mwili hauyajui hayo. Juu ya maji tunabeba uzito wa angahewa moja. Ukishuka mita 10 zinakuwa mbili, mita 20 tatu, mita 30 nne. Badiliko kubwa kuliko yote kwa masikio linatokea kwenye zile mita 10 za mwanzo, pale ambapo mgeni hudhani bado hajafika kokote. Masikio husawazishwa kwa kubana pua na kupuliza taratibu, tangu unapoanza kushuka na kabla hujasikia maumivu. Yakigoma, unapanda kidogo na kujaribu tena. Yakigoma tena, mbizi ya leo haipo. Kulazimisha kunaweza kupasua ngoma ya sikio. Kile kidonge nacho kinaweza kuisha nguvu ukiwa chini, na hewa iliyoingia ndani ya sikio ikakosa njia ya kutoka wakati unapanda.

Hesabu ya hewa nayo inafaa kufanywa kwa kalamu, kwani makosa mengi huanzia hapo. Mtungi wa lita 12 uliojazwa hadi baa 200 una kama lita 2,400 za hewa. Mtu mtulivu anayetumia lita 20 kwa dakika juu ya maji angekaa nao saa 2. Kwenye mita 30 kila pumzi inabeba hewa mara nne, kwa hiyo anatumia lita 80 kwa dakika, na mtungi mzima unakwisha kwa nusu saa. Akiweka akiba ya baa 50, kama inavyompasa, anabaki na dakika 22. Akiwa na hofu, au akipigana na mkondo, pumzi zake huweza kuongezeka maradufu. Sasa ana dakika 11. Hesabu hii hutofautiana mtu na mtu. Mwenye mwili mkubwa na mgeni wa mbizi kwa kawaida humaliza hewa kabla ya mwalimu aliyezama mara elfu.

Hapo ndipo aibu inapoingia. Geji ya mgeni inasoma baa 70, ya kiongozi inasoma 130. Anajua akionyesha, kundi zima litapanda, na juu ya boti watasema ni yeye aliyewakatizia. Kwa hiyo anangoja aulizwe. Ningependa kila anayeongoza mbizi aliseme hili kabla ya kuruka: atakayefika baa 100 anijulishe, atakayefika 70 tunaanza kurudi, na mwenye hewa kidogo ndiye tunayemfuata. Likishasemwa juu, chini linakuwa utaratibu wa kundi, na mgeni hana tena siri ya kuficha.

Aliyeishiwa hewa hukimbilia juu, na kukimbia huko kunaweza kuwa na madhara makubwa kuliko kiu ya hewa yenyewe. Hewa iliyo mapafuni kwenye mita 10 inakuwa maradufu ikifika juu. Aliyebana pumzi anaweza kupasuka mapafu, hata akiwa amepanda kutoka kina cha bwawa la kuogelea. Ndiyo maana sheria ya kwanza ya mbizi ya mtungi ni kutobana pumzi kamwe.

Kisha iko naitrojeni. Chini ya mgandamizo huyeyuka ndani ya damu na nyama za mwili. Ukipanda kwa pupa hutoka kwa mapovu, kama soda iliyofunguliwa kizibo ghafla. Ugonjwa unaoletwa na mapovu hayo, ugonjwa wa mgandamizo, ulijulikana kwa mafundi kabla ya wazamiaji wa starehe. Mwaka 1872 ulimlemaza Washington Roebling, mhandisi mkuu wa daraja la Brooklyn jijini New York, kwa sababu msingi wa daraja ulichimbwa ndani ya makasha yaliyojazwa hewa iliyoshindiliwa chini ya mto. Mwaka 1908 mwanasayansi wa Uingereza, John Scott Haldane, alichapisha majedwali ya kupanda kwa hatua baada ya majaribio aliyoyafanya kwa mbuzi. Leo wazamiaji wa starehe hupanda kwa kasi isiyozidi mita 9 kwa dakika, wakasimama dakika 3 kwenye mita 5. Zile dakika 3 huchosha. Wenzako wamekwisha kupanda ngazi, unasikia injini ya boti. Zimalize.

Kina nacho kina mvuto wake. Dahab, mji wa Misri kwenye Bahari ya Shamu, una shimo la bahari liitwalo Blue Hole, na ndani yake kuna upenyo wa mwamba uliopo kwenye kina cha mita 55 hivi. Mpaka wa mbizi za starehe ni mita 40, na cheti cha kwanza humruhusu mtu mita 18. Hata hivyo upenyo ule umekuwa kipimo cha ushujaa, na kwenye mwamba wa ufukweni yamebandikwa mabamba ya majina ya waliofia pale. Maji ni maangavu, kwa hiyo upenyo huonekana karibu kuliko ulivyo. Kuanzia mita 30 hivi naitrojeni huanza kuwalevya wengi, na mlevi wa namna hiyo hujiona ana akili timamu. Uamuzi wa kugeuka ukiachwa ufanywe kule chini, utafanywa na mtu asiyeweza kuamua. Kina cha mwisho hutajwa botini.

Wapo pia wazamiaji wasiofikiriwa sana makala kama hizi zinapoandikwa. Ni vijana wa pwani yetu wanaofuata majongoo bahari kwa mitungi. Wengi hawakupitia darasa lolote wala hawana kompyuta ya mkononi ya kuwahesabia dakika. Shinikizo lao ni zito kuliko la mtalii: chombo kina deni la mafuta, majongoo ya maji madogo yamekwisha, na asiyezama hana fungu. Mtungi wa tatu au wa nne kwa siku moja unaonekana bidii. Akirudi nyumbani na ganzi miguuni, maumivu ya goti au bega, kizunguzungu, au ameshindwa kukojoa, watu watasema amepigwa na upepo, na atakandwa kwa mafuta huku saa zinapita.

Nawaomba jamaa wa wazamiaji wote mlishike hili. Mtu aliyezama akipata dalili hizo ndani ya siku moja, mchukulieni kuwa ana ugonjwa wa mgandamizo mpaka daktari aseme vingine. Mlazeni chali. Mpeni oksijeni safi ikiwapo, na maji ya kunywa kama yuko macho na anaweza kumeza. Asirudishwe chini ya maji kwa matumaini kwamba atapona hukohuko. Kwa kufanya hivyo wengine huzidi kuumia au kuzama kabisa. Asipandishwe ndege kwa sababu tu amepata nafuu. Apelekwe hospitali haraka, na daktari aambiwe wazi alizama kina gani, mara ngapi, na alipanda vipi, hata kama amevunja kila kanuni, kwa kuwa tiba yake ni chumba maalumu cha mgandamizo na haitatafutwa iwapo daktari hajui. Shirika la DAN, lililoanzishwa Marekani mwaka 1980, hutoa ushauri wa kitabibu kwa dharura za mbizi. Nambari yake iandikwe ubaoni mwa boti kabla ya safari.

Anayerudi kwa ndege naye asubiri: angalau saa 12 baada ya mbizi moja ya kawaida, na saa 18 ikiwa alizama mara kadhaa.

Kwenye mapango ya maji, ambako hakuna uso wa bahari wa kukimbilia, wazamiaji walijiwekea desturi: yeyote aweza kuivunja mbizi yoyote, wakati wowote, kwa sababu yoyote, bila kuulizwa. Dole gumba halijibiwi kwa swali. Linajibiwa kwa dole gumba, na wote wanapanda pamoja. Desturi hiyo haihitaji pango wala cheti, na inaweza kuanza kabla injini haijawashwa, kiongozi akizungusha macho na kusema: nani leo hajisikii vizuri? Kisha anyamaze kidogo, ampe mwenye mafua nafasi ya kuvua mkanda wake na kuketi.