Msaidizi Asiyengoja Kuitwa



Katika chumba chetu cha kompyuta iko mashine moja yenye Linux, ambayo wanafunzi wengi twaitumia kwa wakati mmoja. Muhula uliopita nilifanya kosa katika mashine hiyo, na mwenzangu akaumia. Kosa lenyewe ndilo lililonifundisha somo hili, nami naona yafaa niwaeleze ninyi mtakaonifuata.

Kwanza tujue jinsi prosesa inavyopata data. Prosesa ndiyo inayofanya hesabu, lakini data hukaa mbali, katika kumbukumbu kuu. Kuifuata huko huchukua kadiri ya nanosekunde 100, na katika muda huo prosesa ingeweza kufanya mamia ya hesabu. Kwa sababu hiyo imewekewa kumbukumbu ndogo za karibu, ziitwazo kache. Katika kache iliyo karibu kabisa data hupatikana kwa nanosekunde moja au mbili tu. Nayo hailetwi moja moja. Huletwa kwa mafungu, na katika prosesa nyingi fungu moja ni baiti 64.

Sasa fikirini jiko la shule. Mpishi yuko mbele ya sufuria, na ghala liko ng'ambo ya uwanja. Msaidizi mwenye akili hangoji kuitwa. Akiona mpishi amefungua gunia la kwanza, kisha la pili, yeye huenda kuleta la tatu. Ndani ya prosesa wamo wasaidizi wa namna hiyo. Huangalia data iliyokwisha kuombwa, wakakisia itakayofuata, wakaileta mapema.

Lakini kukisia si kujua. Mpishi akitaka mara chumvi, mara maharagwe, mara sabuni, bila utaratibu wowote, msaidizi atajaza meza vitu visivyotakiwa, na vinavyotakiwa vitakosa nafasi. Tena mlango wa ghala ni mmoja. Akiuziba kwa gunia lisilo na kazi, wapishi wengine hungoja. Vivyo hivyo, njia ya kumbukumbu kuu hutumiwa na viini vyote vya prosesa.

Je, msaidizi aweza kuambiwa atulie? Ndiyo. Mwaka 2014 kampuni ya Intel ilieleza waziwazi kwamba katika prosesa zake nyingi wamo wasaidizi wanne. Wawili hutumikia kache ya pili: mmoja hufuata mfululizo wa data, na mwingine huleta fungu jirani, ili mafungu mawili yawe baiti 128. Wawili hutumikia kache ya kwanza: mmoja huleta fungu linalofuata, na mwingine hulichunguza kila agizo la programu, aone linaruka hatua ngapi kila mara. Swichi zao ni biti nne katika rejista moja ambayo nambari yake ni 1A4. Biti ikiwa 0, msaidizi hufanya kazi. Ikiwa 1, hutulia.

Programu ya kawaida haiwezi kuigusa rejista hiyo. Ruhusa ni ya kerneli, yaani moyo wa mfumo endeshi, na kerneli ya Linux humfungulia njia msimamizi wa mashine tu. Nilipojaribu mara ya kwanza nilikataliwa, nikaona naonewa. Nikamwomba mwalimu, naye akaandika neno la siri kwa mkono wake.

Basi nikaunda programu ya kujumlisha namba milioni 10, kwanza kwa mfuatano, kisha kwa kurukaruka. Wasaidizi wakiwa kazini, jumla ya mfuatano ilipatikana upesi sana. Nikawatuliza wote wanne. Ile ya mfuatano ikachelewa. Ile ya kurukaruka haikupata hasara kama hiyo, maana tangu mwanzo hapakuwa na la kukisia. Nikaandika matokeo katika daftari, kengele ikalia, nikakimbilia chakula. Swichi sikuzirudisha.

Alasiri mwenzangu alikuwa akipunguza ukubwa wa picha za gazeti letu hili. Kazi hiyo hupitia picha nukta kwa nukta, kwa mfuatano, nayo ndiyo wasaidizi wanayoiweza hasa. Siku hiyo ilikwenda pole pole. Akadhani programu yake ina kosa, akaifuta, akaiandika upya tangu mwanzo. Jioni akaniuliza, "Ndugu, mashine ina nini leo?" Niliona haya. Nikaenda kwa mwalimu kukiri. Hakuniadhibu, ila aliniuliza, "Ulizima kwako, au ulizima kwa wote?"

Nilikuwa nimezima kwa wote. Swichi zile ni za kiini cha prosesa, wala hazijui ni programu ya nani inayopita. Hubaki hivyo mpaka zirudishwe au mashine izimwe.

Baadaye nilisoma kwamba iko njia nyingine. Prosesa za POWER za kampuni ya IBM, kama POWER7 ya mwaka 2010, zina rejista iitwayo DSCR, ya kuagiza msaidizi alete data nyingi au kidogo. Kerneli ya Linux huweka kipimo kimoja cha kawaida kwa mashine nzima, lakini programu yaweza kujichagulia chake. Zamu yake ikiisha, kerneli hukihifadhi kipimo hicho. Zamu ikirudi, hukirudisha. Hata programu zinazozaliwa nayo hukirithi. Hivyo kila mpishi huja na maagizo yake, wala hamwachii mwenzake.

Sasa naelewa kwa nini nilikataliwa mara ya kwanza. Kerneli haikuninyima haki yangu. Ilikuwa ikilinda haki ya wale wasiokuwapo chumbani.

Zoezi
1. Kwa nini msaidizi huifaa kazi ya picha kuliko kazi ya kurukaruka?
2. Kwa nini swichi za rejista 1A4 hazifai kuachiwa kila mtumiaji?
3. Kerneli hufanya nini na kipimo cha DSCR zamu ya programu inapokwisha?