Taamuli na Fikra Iliyochoka Baada ya Ugonjwa wa Virusi

Tuchukue mfano wa mwanafunzi wa Ilongero, mkoani Singida, aliyeugua homa ya virusi kwa majuma mawili, kisha akapona. Amerudi shuleni, anacheka na wenziwe na anateka maji kama kawaida. Lakini aya aliyoisoma asubuhi haikumbuki adhuhuri, na hesabu yenye hatua tatu humpotea katika hatua ya pili. Mwalimu huona uvivu. Je, yawezekana kwamba ugonjwa umekwisha lakini athari yake imebaki?

Yawezekana. Mwaka 2007 ulizuka ugonjwa wa Ebola katika Wilaya ya Bundibugyo, magharibi mwa Uganda, ulioletwa na aina ya virusi isiyojulikana kabla ya hapo. Zaidi ya miaka miwili baadaye watafiti waliwarudia waliopona, wakawauliza habari za afya yao. Wapo waliolalamikia kusahau, kuchanganyikiwa na kukosa usingizi. Msomaji makini atasema kwamba hata watu wazima wasiougua husahau. Ndiyo sababu watafiti waliwachunguza pia watu waliokuwa karibu na wagonjwa bila kuambukizwa. Malalamiko hayo yalikuwa mengi zaidi kwa wale waliopona. Hilo kundi la pili, la kulinganishia, ndilo lililoipa habari uzito wa kisayansi.

Baada ya UVIKO-19 kuenea, hali kama hiyo ilionekana duniani kote, na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliipa maelezo rasmi, likitaja uchovu na udhaifu wa fikra miongoni mwa dalili zake.

Kati ya tiba zinazopendekezwa imo taamuli. Taamuli si usingizi. Wala si lazima iwe sala, ijapokuwa dini nyingi zina mazoezi yanayofanana nayo. Mtu huketi kwa utulivu na kuielekeza fikra yake kwenye jambo moja, aghalabu pumzi. Fikra ikitoroka, huirejesha bila kujilaumu. Kule kuirejesha ndiko zoezi lenyewe. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn, wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, alianzisha mafunzo ya namna hii kwa wagonjwa wenye maumivu ya kudumu.

Pumzi inahusikaje? Jaribio lifuatalo halihitaji maabara. Shika mshipa wa kifundo cha mkono, kisha vuta pumzi polepole na uitoe polepole zaidi. Vijana wengi watahisi mapigo yakienda mbio kidogo wakati wa kuvuta na kupungua wakati wa kutoa. Mapigo hupunguzwa na neva ya vagasi, itokayo ubongoni kushuka hadi moyoni na tumboni. Pumzi ndefu ya kutoa huutuliza mwili kwa njia hiyo, na mwili uliotulia huilemea fikra kidogo.

Lakini kutuliza si kuponya. Tuseme mwanafunzi wetu afanye taamuli kwa miezi miwili, na kumbukumbu yake irudi. Nani ajuaye kama isingerudi yenyewe? Wengi hupata nafuu kwa kupita muda tu. Hapa tena panahitajika kundi la kulinganishia, na ni vigumu kulipata, kwa maana si rahisi kubuni taamuli ya bandia mfano wa kidonge cha unga mtupu. Ushahidi kuhusu wasiwasi na maumivu ni mzuri kiasi. Kuhusu fikra iliyochoka baada ya virusi, ungali mchache. Kwa maoni yangu, taamuli yafaa kuwa msaada, isiwe badala ya daktari.

Kwa hiyo mwanafunzi na apelekwe kwanza kituo cha afya apimwe malaria na upungufu wa damu, ambavyo navyo huichosha fikra. Kisha, dakika kumi za taamuli kwa siku zatosha kuanzia. Akiona hofu au kumbukumbu mbaya zikimjia katika ukimya huo, aache. Darasani apewe kazi fupi fupi zenye mapumziko, na hesabu ya hatua tatu aiandike hatua kwa hatua ubaoni, pasipo kulazimishwa kuibeba yote kichwani.