Mafuta ya moteri: tuchague namna gani kwa pikapu ya esanse?



Katika somo hili hatutasema juu ya mbegu wala juu ya mbolea. Tutasema juu ya kitu chenye kinabeba mavuno yetu mpaka soko: pikapu. Koperative nyingi ziko na pikapu ya zamani yenye inatumia esanse, na wengi wetu tunajua bei ya esanse kuliko jina la mafuta yenye tunatia ndani ya moteri.

Jambo lenye lilitufundisha

Msimu mmoja wa viazi tulikuwa ndani ya pikapu ya koperative moja yenye tunafuata. Tulitoka Kitshanga asubuhi na magunia ya viazi na fromaji, kwenda Goma. Taa nyekundu ya mafuta ilikuwa inawaka tangu kutoka. Shofere akasema ni waya tu imeharibika. Kabla ya kufika Kilolirwe, kwenye mpando, moteri ikaanza kupiga kama nyundo, kisha ikakamata. Tulilala njiani. Kesho yake viazi viliendelea kidogo kidogo kwa moto na kwa tshukudu, na fromaji zilifika soko zikiwa zimechoka, zikauzishwa kwa bei ya hasara.

Fundi alipofungua moteri, alikuta ndani matope meusi, mazito kama lami. Bidoni yenye walinunua ilikuwa na picha nzuri ya gari na maandishi «SAE 40», basi. Hakuna herufi ingine yoyote. Walifurahi juu ya bei yake ndogo. Lakini moteri ya kubadilisha ilikula feza ya mbegu ya msimu wenye ulifuata. Ndiyo maana tunaandika somo hili.

Mafuta inafanya kazi gani?

Mafuta haitelezeshi vyuma tu. Inapoza sehemu zenye maji ya radiateri haifiki, inasafisha masizi na kuyashika mpaka siku ya vidanji, inafunga nafasi ndogo kati ya pistoni na silinda ili nguvu isipotee, na inakinga vyuma na kutu. Kwa kufanya zile kazi zote, kiwanda kinachanganya mafuta na dawa zingine. Mafuta yenye haina dawa inateleza kwa vidole sawa na nzuri, lakini ndani ya moteri inageuka matope. Kwa hiyo kidole hakiwezi kutuambia kama mafuta ni nzuri. Lazima tusome bidoni.

Tusome mambo mawili kwenye bidoni

*Jambo la kwanza ni uzito.* Unaandikwa kisha herufi SAE: 10W-30, 15W-40, 20W-50. Namba ya mbele, yenye iko na W, inasema mafuta inatembea namna gani wakati moteri ni baridi. Namba ya nyuma inasema inabakia nzito kiasi gani wakati moteri imekuwa na moto. Huku kwetu Masisi usiku ni baridi, lakini si baridi ya kugandisha maji kama Ulaya. Kwa hiyo 10W, 15W na 20W zote zinaweza kuamsha moteri asubuhi. Namba ya nyuma ndiyo tuangalie sana, kwa sababu gari yetu inapanda milima na mzigo, kwa vitesi vya kwanza na vya pili, na moteri inapata moto sana.

*Jambo la pili ni ubora.* Unaandikwa kisha herufi API, ndiyo Taasisi ya Petroli ya Marekani. Kwa moteri ya esanse herufi ya kwanza ni S. Kwa moteri ya mazutu ni C. Herufi yenye inafuata S inaonyesha umri wa ubora: kadiri inasonga mbele katika alfabeti, ndivyo mafuta ni mapya zaidi. SF ilikuwa kwa moteri za mwaka 1988 na za mbele yake. SJ ni kwa moteri mpaka mwaka 2001, SL mpaka 2004, SM mpaka 2010, SN mpaka 2020. SP ilianza mwaka 2020. Mafuta ya herufi mpya inaweza kutiwa katika moteri ya zamani, lakini ya herufi ya zamani isitiwe katika moteri mpya.

Mujihazari na SA. Haina dawa ndani, na haifai kwa moteri nyingi zenye zilitengenezwa kisha mwaka 1930. Hata babu wa pikapu yenu ni kijana kuliko hiyo! Na bidoni yenye haina herufi za API hata kidogo, tuiache dukani.

Fuso na pikapu zinaweza kutumia pipa moja?

Ulizo hili linarudi katika kila mkutano, kwa sababu koperative zingine ziko na kamyo ya mazutu na pikapu ya esanse, na pipa ni bei nafuu kuliko bidoni. Jibu liko kwenye pipa lenyewe.

- Kama imeandikwa C na S pamoja, mfano 15W-40, CI-4/SL: ndiyo, inafaa kwa zote mbili, kama vitabu vya gari vinaomba ubora huo ao wa chini yake.
- Kama ni C peke yake: muiweke kwa kamyo. Kama pikapu imepungukiwa njiani na hakuna ingine, mutie kidogo mufike, kisha mubadilishe.
- Kama ni S peke yake: musitie katika kamyo ya mazutu. Haikutengenezwa kubeba masizi mengi ya mazutu.
- Mafuta ya moto ya kuchanganya na esanse ni kitu kingine kabisa. Isiingie katika pikapu.

Tuchague gani?

Kitabu cha gari ndicho cha kwanza. Kama kimepotea, tunashauri hivi:

- Pikapu ya zamani yenye moteri ingali na nguvu: 15W-40, ubora SJ, SL ao wa juu.
- Pikapu yenye moteri imechoka, inakula mafuta na kutosha moshi wa bluu: 20W-50. Hii haiponyeshi moteri, inapunguza tu hasara mukingoja kuitengeneza.
- Pikapu ya miaka ya karibu: mufuate kitabu. Zingine zinaomba 5W-30 ao 10W-30, kwa sababu njia za mafuta ndani yake ni nyembamba.

Sokoni, tuwe na macho

Wako wenye wanachuja mafuta nzee na kuirudisha katika bidoni safi. Muangalie kama kifuniko hakijafunguliwa na kama maandishi hayafutiki kwa kidole. Musinunue mafuta ya chupa chupa yenye hamukuona pipa lake. Munaweza kutia matone mawili juu ya bati yenye moto: kama inalia chwa-chwa, iko na maji ndani.

Na siku ya vidanji, mutoboe bidoni tupu, isirudi sokoni kudanganya mwengine.

Vidanji: tuhesabu safari

Viwanda vingi vinaomba kubadilisha mafuta kisha kilometa 5,000 ao zaidi, katika barabara nzuri. Njia yetu ni vumbi, matope na milima. Tunashauri kilometa 3,000, pamoja na filtri mpya. Kama kompteri imekufa, muhesabu safari: Kitshanga mpaka Goma ni kilometa 80 hivi, kwa hiyo kwenda na kurudi mara 18 inatosha. Shofere aandike kila safari katika kaye.

Kila asubuhi, gari ikiwa pahali pa sawa na moteri imezimwa, tuvute kijiti cha kupimia. Rangi nyeusi peke yake si ugonjwa, ni mafuta yenye inasafisha. Lakini kama inafanana na maziwa, maji imeingia. Kama inanuka esanse, imepunguzwa nguvu. Na taa nyekundu ikiwaka njiani, tusimame palepale na kuzima moteri.

Mafuta yenye imetoka isimwagwe katika shamba wala mtoni, wala isipakwe ngombe juu ya kupe. Muiweke katika bidoni yenye alama, mbali na chakula na watoto.

Ya kuzungumuza katika mkutano

1. Bidoni yenye tulinunua mara ya mwisho ilikuwa na herufi gani?
2. Nani anachunga kaye ya gari, na nani anaikagua?
3. Kila safari, tunaweka ngapi katika kese juu ya vidanji yenye inakuja?

Mulete bidoni tupu ya mwisho katika mkutano, muisome pamoja. Kazi njema.