Shahada ya Historia: Kazi Ziko Wapi Kitui na Makueni?

Kila baada ya mahafali, swali moja hurudi katika nyumba nyingi za Kitui na Makueni: "Umesoma historia. Sasa utafanya kazi gani?" Aliyesomea uuguzi ana jibu la neno moja. Aliyesomea historia mara nyingi hana, na mzazi aliyeuza mbuzi ili alipe karo ana haki ya kuuliza.

Shahada ya historia haimpi mtu jina la kazi, bali humpa ujuzi. Ujuzi huo unahitajika katika kaunti hizi mbili, ila karibu kila kazi huhitaji sifa nyingine juu yake. Anayezijua mapema hupunguza miaka ya kutarimaki.

Ujuzi wenyewe ni upi?

Mfano wa karibu ni Kivoi wa Mwendwa, mfanyabiashara wa Kitui aliyeongoza misafara kati ya Ukambani na pwani. Mwaka 1849 alimpokea mmisionari Mjerumani, Johann Ludwig Krapf. Tarehe 3 Desemba mwaka huo, akiwa Kitui, Krapf aliuona kwa mbali mlima wenye theluji ambao Wakamba waliuita Kiinyaa. Habari zilipofika Ulaya, baadhi ya wataalamu wa jiografia walizikataa: theluji itatoka wapi karibu na ikweta? Safari ya Joseph Thomson ya 1883 na 1884 ilithibitisha kwamba mlima upo. Wenyeji walikuwa wakiujua tangu zamani.

Mwanafunzi wa historia hufundishwa kuuliza maswali manne kuhusu kisa kama hiki. Nani amesema? Aliona mwenyewe au alisimuliwa? Alikuwa na sababu gani ya kusema hivyo? Kuna ushahidi gani mwingine? Maandishi ya Krapf ni ushahidi, na masimulizi ya wazee ni ushahidi pia, yote hupimwa. Maswali hayo hayo huulizwa na mpelelezi, mwanahabari na afisa anayesikiliza kesi ya shamba.

Kazi zilizopo na sifa zinazohitajika

*Ualimu.* Aliyesomea shahada ya ualimu, yenye historia na somo la pili la kufundisha, huomba usajili wa Tume ya Huduma za Walimu, TSC. Mwenye shahada ya sanaa pekee huhitaji kwanza stashahada ya uzamili ya ualimu. TSC huangalia pia alama za KCSE, zikiwemo za masomo mawili ya kufundisha. Sheria hairuhusu mtu kufundisha bila usajili, kwa hivyo ni vyema kuhakiki sifa hizi kabla ya kulipa karo ya kozi yoyote.

*Kumbukumbu na nyaraka.* Kila ofisi ya umma ina faili za ardhi, mishahara, zabuni na vikao. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inampa mwananchi haki ya kuomba habari zilizo mikononi mwa serikali, lakini haki hiyo haimsaidii ikiwa faili imepotea. Mhitimu wa historia anayeongeza mafunzo ya usimamizi wa kumbukumbu, pamoja na kompyuta, anafaa katika kazi hii.

*Makavazi na utalii.* Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa kaunti jukumu la maktaba, makavazi na shughuli za utamaduni. Nzaui, Makueni, ndipo Peter Cameron Scott alipoanzisha kituo cha kwanza cha Africa Inland Mission mwaka 1895. Makindu ina hekalu maarufu la Masinga kando ya reli. Kitui ina mwamba wa Nzambani na masimulizi yake. Mgeni hulipa apate maelezo ya kuaminika, na anayeyajua vizuri anaweza kuwa mwongoza watalii au mtafiti wa makavazi. Mafunzo ya utalii humsaidia.

*Maarifa ya jadi.* Sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi imezipa kaunti kazi ya kuyanakili na kuyasajili: dawa za miti, ufundi, ngoma na masimulizi. Kazi hii haingoji. Mzee anapofariki kabla ya kuhojiwa, alichokijua huenda naye. Anayejua Kikamba vizuri na amefunzwa kuhoji ana nafasi nzuri hapa.

*Ardhi na sheria.* Kifungu cha 67 cha Katiba kinaipa Tume ya Kitaifa ya Ardhi jukumu la kuchunguza dhuluma za kihistoria za ardhi. Uchunguzi huo hutegemea ramani kuukuu, barua za wakati wa ukoloni na ushahidi wa wenyeji. Anayetaka kuwa wakili, hata hivyo, lazima asomee shahada ya sheria.

*Uandishi na utafiti.* Redio, magazeti, mashirika ya kijamii na idara za serikali huhitaji watu wa kukusanya habari, kuzihakiki na kuziandika kwa lugha nyepesi.

Zoezi la kuanza nalo

Mwajiri huamini kazi aliyoiona. Mhitimu anaweza kuanza katika wadi yake kwa hatua hizi:

1. Achague jambo moja: soko, shule, kisima au kanisa la zamani.
2. Awahoji wazee watano, kwa idhini yao, na kuandika jina, tarehe na mahali pa kila mahojiano.
3. Atafute angalau hati moja inayohusika, shuleni, katika ofisi ya chifu au katika Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa, Moi Avenue, Nairobi.
4. Aonyeshe masimulizi na hati vinakubaliana wapi na vinatofautiana wapi.
5. Aandike kurasa mbili, aambatanishe na maombi yake ya kazi, na kuwarudishia wazee nakala.

Nafasi za kazi za kaunti hutangazwa na Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti, na za mafunzo kazini serikalini na Tume ya Utumishi wa Umma. Kutuma maombi ni bure. Anayeitisha pesa ili "asukume" jina la mtu ni mlaghai, na anafaa kuripotiwa.

Swali la mzazi bado litaulizwa. Mhitimu mwenye kurasa mbili mkononi, na anayejua sifa aliyobakisha kuipata, ataweza kulijibu.