SOMO: MISTARI KATIKA PICHA ZA KAMERA ZA GHALA



Chama kinapojifungia chenyewe kamera za ulinzi, huenda picha zikapitwa na mistari mipana inayopanda au kushuka polepole, hata sura ya mtu isitambulike. Siku magunia yakipungua, picha ya namna hiyo haimtetei mwanachama, wala haimwokoi mtunza ghala asiye na hatia. Kabla ya kutumia fedha za chama kununua kamera mpya, na tutafute chanzo. Somo hili lahusu kamera zinazopeleka picha kwa waya mnene unaofanana na ule wa antena ya televisheni.

1. Ileteni kamera karibu na kinasa picha, muiunge kwa waya mfupi na adapta yake peke yake. Picha ikitakata, kamera ni nzima. Kasoro imo katika waya, umeme au mahali ilipofungwa. Isipotakata, badilini adapta, kisha tundu la kinasa, ndipo muishuku kamera.

2. Kamera iliyokazwa kwenye chuma cha ghala hugusa ardhi huko, na kinasa hugusa ardhi ofisini. Nguvu za umeme za ardhi hizo mbili zisipolingana, umeme mdogo hupita katika waya wa picha na kuleta mistari. Wekeni ubao mkavu au mpira kati ya kamera na chuma. Kamwe msikate waya wa ardhi wa umeme wa jengo. Huo hulinda uhai.

3. Waya wa picha usilazwe sambamba na waya wa umeme. Itenganisheni kwa sentimita 30 hivi. Ikilazimu kupishana, ipishane kwa umbo la msalaba.

4. Picha ikiwa safi mchana na kuharibika usiku, pimeni umeme kwenye kamera usiku huohuo. Taa zake zinapowaka hutumia umeme zaidi, na volti 12 hupungua katika waya mrefu mwembamba. Dawa ni waya mnene zaidi au adapta iliyo karibu.

Kazi ya umeme wa jengo aachiwe fundi mwenye leseni. Katibu naye aandike daftarini tarehe, kamera, kasoro na dawa iliyotumika, ili Kamati ijue fedha zilikwenda wapi.

Maswali ya majadiliano
(a) Kwa nini kamera ijaribiwe kwa waya mfupi kwanza?
(b) Je, picha za ghala letu za usiku wa jana zaweza kumtambulisha mtu?