Kundi au Mlengwa? Kuchagua Njia ya Kufikisha Taarifa za Afya kwa Mtandao

Taarifa ya afya inapotumwa kwa simu, njia inayopitia yaweza kuwa na uzito sawa na maneno yake. Somo hili lalinganisha njia mbili, kwa mifano inayofaa kata ya Oldonyo Sambu, iliyo kando ya barabara ya Arusha kwenda Namanga, kaskazini-magharibi mwa Mlima Meru.

Maana ya njia hizo

Multikasti ni utumaji kwa kundi. Mtumaji hutoa nakala moja. Vifaa vya mtandao huizidisha pale tu njia zinapogawanyika, hata imfikie kila aliyejiunga. Steve Deering aliueleza utaratibu huu katika kanuni za intaneti za mwaka 1989. Mzigo wa mtumaji hauongezeki wapokeaji wakiongezeka, lakini huenda asijue ni nani waliopokea.

Narokasti ni utumaji kwa walengwa. Mtumaji huwachagua wapokeaji kwa hali zao, kama vile umri, maradhi au miadi. Kazi ni kubwa zaidi, kwa kuwa orodha ya walengwa lazima itunzwe na kusahihishwa.

Floridi: taarifa ya kundi

Vyanzo vingi vya maji kuzunguka Mlima Meru vina floridi inayozidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Floridi haionekani kwa macho. Hutia madoa meno ya watoto, na ikizidi kwa miaka mingi hudhuru mifupa. Kuchemsha maji huua vijidudu, lakini hakuondoi floridi. Taarifa hii yaihusu kila kaya, wala haimfedheheshi yeyote. Itumwe kwa kundi.

VVU: taarifa ya mlengwa

Mhudumu anayeunda kundi la WhatsApp ili kuwakumbusha wagonjwa siku ya kuchukua dawa za kufubaza VVU hurahisisha kazi yake. Lakini kila mwanakundi huona namba za wenzake, na mahali ambapo watu hujuana kwa ukoo na kwa boma, siri imekwisha kutoka. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 huziweka taarifa za afya miongoni mwa taarifa nyeti.

Hata ujumbe wa mlengwa wahitaji hadhari, maana simu moja yaweza kutumiwa na watu kadhaa. Andika, “Tunakukumbusha miadi yako ya Jumanne,” bila kutaja maradhi wala kliniki. Kwanza pata ridhaa ya mgonjwa na namba anayoiamini.

Kuchanganya njia

Huduma ya Wazazi Nipendeni, iliyoanza mwaka 2012, iliwaalika watu wote kwa matangazo. Aliyetuma neno “mtoto” kwenda 15001 alipata ujumbe uliolingana na umri wa mimba yake. Mwaliko ulikuwa wa wote; ushauri ulikuwa wa mlengwa.

Maswali mawili kabla ya kutuma

Ujumbe ukimfikia asiyehusika, nani ataumia? Usipomfikia anayehusika, nani ataumia? Jibu la kwanza likiwa “hakuna”, tumia kundi. Likiwa “mgonjwa”, mtumie yeye peke yake. Na majibu yote mawili yakiwa mazito, kama majibu ya kipimo yanayodai matibabu ya haraka, simu haitoshi: mhudumu wa afya ngazi ya jamii amfuate mgonjwa na kuzungumza naye faraghani.

Nawe mgonjwa, unapoombwa namba ya simu, uliza itatumiwa kwa ujumbe gani, na ni nani mwingine atakayeiona.