KUOKOKA NA KUOKOANA

Darasani tumefunzwa kwamba kitenzi "okoa" huzaa "okoka", kauli ya kutendeka, na "okoana", kauli ya kutendana. Wengi wetu huyaona maneno haya kama ndugu tu. Hebu tuyapime kwa mfano wa kipindi cha televisheni cha Marekani kiitwacho Survivor.

Kipindi hiki kilianza kuonyeshwa Marekani mwaka wa 2000 na kingali kinaendelea. Watu hupelekwa porini, hugawanywa makundi na kushindana. Kundi likishindwa, wenyewe hupiga kura kumfukuza mmoja wao.

Awamu ya 3 ilipigwa picha papa hapa Kenya mwaka wa 2001, katika hifadhi ya Shaba, Isiolo. Si mbali na sisi, maana mto Ewaso Nyiro unaopita Shaba huteremka mpaka kinamasi cha Lorian, huku kwetu Kaskazini Mashariki. Wamarekani 16 walikaa katika boma la miiba, wakachemsha maji ya dimbwi la wanyama, hata wakashindana kunywa damu ya ng'ombe na maziwa. Kwetu Waislamu hiyo damu ni haramu! Baada ya siku 39 mshindi alikuwa Ethan Zohn, aliyewahi kuwa golikipa. Alipata dola milioni 1. Huyo aliokoka.

Sasa sikilizeni. Kundi moja liliitwa Samburu, la pili likaitwa Boran. Kumbe Waborana wenyewe wana desturi iitwayo buusaa gonofaa: mtu akifiwa na mifugo yote, watu wa ukoo wake humchangia wanyama aanze upya. Yaani kundi lilibeba jina la Waborana, lakini sheria yake ilikuwa kinyume kabisa. Katika mchezo, mnyonge hufukuzwa. Katika desturi, mnyonge ndiye wa kwanza kushikwa mkono.

Na sisi Wasomali tunayo yetu. Mwenye ngamia wa maziwa humwazima jamaa asiye naye, watoto wapate kunywa.

Tangu mwisho wa 2020 hadi 2022 mvua ilikosa misimu 5 mfululizo. Kenya ilipoteza mifugo zaidi ya milioni 2. Hapakuwa na kamera wala zawadi, na hakuna aliyeweza kusema, "Nimechoka, nirudisheni nyumbani." Nyumbani ndiko huku. Misaada ilikuja, ndiyo, lakini kabla ya lori kufika, jirani alikuwa ameshagawa alichonacho.

Basi tofauti ni hii: kuokoka waweza peke yako, kuokoana lazima muwe wawili au zaidi. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

ZOEZI
1. Tunga sentensi moja kwa kila neno: okoa, okoka, okoana.
2. Muulize mzee wa kwenu: ukame ulipomaliza mifugo, nani alimpa mnyama wa kwanza? Andika jibu lake kwa Kiswahili.